Kalamu ya mgeni imeziba, nami nimeshaitia sindano

Shikamoo mzee,

Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga. Kibanda changu kiko pembeni ya barabara ya 12. Nabadilisha vioo, natengeneza sehemu za chaji, nafufua simu zilizoingia maji. Mara nyingine naletewa redio, tochi za kuchaji, hata mashine za kunyolea. Sijazoea kumrudisha mteja bila kujaribu, na tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jana Jumatatu alikuja jamaa ambaye zamani tulikuwa tukicheza naye mpira Tangamano. Yuko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, amekuja kwenye harusi ya dada yake. Akatoa mfukoni kitu kama kalamu nene. Juu kina kichupa kisichozidi kidole cha mwisho, na ndani mna mafuta ya rangi ya asali. Akaniambia, "Fundi, hii haivuti. Taa inawaka lakini hewa haipiti." Nikamuuliza ni nini, akasema ni sigara ya umeme, wenyewe wanaita vepu. Akaacha elfu kumi mezani, akasema atapita Ijumaa kabla ya sala, akadandia bajaji akaenda zake.

Nilipomaliza simu ya mama mmoja nikaishika. Kweli, ukipuliza ni kama unapuliza ukuta. Nikachukua sindano ya nguo, nikaipenyeza kwenye tundu la mdomoni. Ikashuka kama sentimita mbili, ikagota kwenye kitu kigumu. Nikasukuma. Nikasikia "ti". Nilipoitoa sindano, ilitoka na mafuta mazito yanayovutika kama gundi ya viatu. Kijana anayejifunza kazi kwangu, ana miaka 16, akayagusa na kulamba kidole kabla sijawahi kumkataza. Akacheka. "Bosi, hii si ndiyo harufu ya kule nyuma ya uwanja?" Nikanusa mwenyewe. Mzee, ni bangi. Imechanganyika na harufu kama ya ndimu, lakini ni yenyewe.

Nimeizungushia gazeti nikaitia kwenye droo ya vioo vibovu. Jirani yangu, fundi pikipiki, anasema niyalainishe yale mafuta kwa matone mawili ya mafuta ya nazi, yatapita, nimkabidhi mtu kitu chake, yaishe. Mke wangu anasema nikitumbukize chooni. Mimi naogopea jina. Mgeni akianza kusema mtaani kwamba fundi kamharibia kitu alichonunua kwa dola, nani ataniletea simu? Nieleze mzee: kitu hiki kinazibwa na nini, kinazibuliwaje, na je, nikizibue?

Fundi wa pembeni, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenifikia Jumanne usiku na nakujibu usiku huu huu, maana katika maswali yako matatu la mwisho ndilo lenye haraka. Usikizibue. Mpigie huyo mwenzio asubuhi aje achukue kilicho chake. Ijumaa ni mbali.

Najua utasema ni kichupa tu, tena mafuta, si msokoto. Sheria haijali hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya uliiweka bangi, utomvu wake na dondoo zake, yaani mafuta yaliyokamuliwa humo, kwenye kapu moja, na sisi tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Kuwa nayo ni kosa, kuitumia ni kosa, kuiuza na kuisafirisha ni makosa makubwa zaidi. Na hivi sasa, mwanangu, aliye nayo ni wewe. Imo kwenye droo yako, imefungwa gazeti kwa mkono wako, na umeshajua ni nini. Jana ungeweza kuapa kwamba hukujua. Leo umeniandikia barua.

Mgeni naye asikuvimbie kwa kusema kwao ni halali. Mimi huko nimefika. Mtoto wa kaka yangu anaishi Denver, Colorado, nikakaa kwake kuanzia Septemba 2019 hadi Desemba. Wananchi wa jimbo hilo walipiga kura Novemba 2012, na maduka ya kuuza bangi kwa watu wazima yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Unaingia, unaonyesha kitambulisho kwamba umetimiza miaka 21, unanunua kama anayenunua panadoli. Lakini hiyo ni sheria ya jimbo. Sheria ya serikali kuu ya Marekani bado inaikataza, na kuivusha mpaka wa nchi ni kosa hata kama uliinunua dukani na risiti unayo. Huyo rafiki yako amebahatika tu kufika nayo hadi barabara ya 12.

Sasa nikufundishe hicho kitu chenyewe, kwa sababu wewe ni fundi na fundi asiyeelewa alichoharibu atakiharibu tena. Wanaonisoma siku nyingi wanajua nilichomelea redio Chumbageni hadi macho yakagoma. Nikiwa Denver nilimkuta kijana wangu na kalamu kama hiyo, na ilipokufa nikamwomba maiti yake. Nikaifungua mezani jikoni kwa koleo.

Kile kichupa kinaitwa katriji. Kwa kawaida kinabeba nusu gramu au gramu moja ya mafuta. Kinakaa juu ya betri kwa uzi wa skrubu unaojulikana kwa namba 510, wenye mizunguko 10 iliyoachana nusu milimita, ndiyo maana katriji ya kampuni hii huingia kwenye betri ya kampuni ile. Katikati ya kichupa mna bomba jembamba linalopanda hadi mdomoni. Chini ya bomba mna kipande cha seramiki chenye vitundu vidogo vidogo, mfano wa jiwe la kusugulia visigino, na ndani ya hilo jiwe mna koili, yaani waya unaopata moto. Mafuta hujipenyeza kwa matundu ya pembeni, jiwe huyanywa, koili huyachemsha, mvuke hupanda bombani. Basi. Hakuna pampu, hakuna kichujio, hakuna chochote kingine.

Ile "ti" uliyoisikia ni hilo jiwe.

Sasa kuziba. Sigara ya umeme kama tunavyoijua ilitengenezwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003, kwa ajili ya nikotini iliyoyeyushwa kwenye kimiminika chepesi. Walioigeuza kuwa ya bangi walitia ndani kitu kizito kama asali. Mvuke ukipanda kwenye bomba lenye ubaridi hugeuka mafuta tena na kuganda ukutani, leo kidogo, kesho kidogo, kama masizi kwenye dohani. Siku moja njia inafunga. Umeshayaona mafuta ya nazi mwezi wa Julai, kusi likivuma usiku kucha, asubuhi chupa imekuwa nyeupe na haimimini? Nazi huganda kwenye digrii 24 hivi. Mafuta ya katriji hayageuki meupe hivyo, lakini baridi huyafanya mazito kwa namna ileile, na joto kidogo huyalegeza.

Huko Denver niliona mwenyewe. Asubuhi moja ya Desemba kijana wangu alikuta kalamu aliyoisahau garini usiku kucha. Nje theluji. Anavuta, haivuti, mashavu yamemwingia ndani. Hakutafuta sindano. Aliifungua kwenye betri, akaitia kwapani, akaendelea kunywa chai yake. Baada ya dakika kama tano akaivuta polepole bila kubonyeza kitufe. Ikatoa mlio wa mtu anayemaliza dafu kwa mrija, kisha hewa ikapita. Nikamwambia, yaani teknolojia yote hii inatibiwa na kwapa? Akacheka akasema betri nyingine zina njia ya kupasha: unabonyeza mara mbili, koili inapata moto mdogo kwa sekunde kumi au kumi na tano, kisha unavuta. Kwapa haina volti, lakini kazi ni ileile.

Lakini ya rafiki yako haikuzibwa na baridi ya Tanga, maana hatuna. Mimi nadhani imezibwa na safari ya ndege. Hewa ndani ya ndege haiwi kama ya pwani. Huachwa ipungue hadi ifanane na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Lile povu la hewa lililo juu ya mafuta ndani ya katriji hutanuka, huyasukuma mafuta kwenye jiwe, jiwe likishiba yanamwagikia bombani. Ndege ikitua, povu linasinyaa lakini mafuta yaliyokwisha kupanda hayarudi yote. Yanabaki pale yakiganda. Ni ugonjwa uleule wa kalamu za wino zinazochafua mifuko ya mashati ya wasafiri. Ongeza kwamba alikuwa akitembea nayo mfukoni ikiwa imelala, au mdomo chini, na kwamba mtu akiona haivuti huvuta kwa nguvu zaidi, jambo linalozidi kunyonya mafuta kuja bombani. Anayevuta kwa nguvu anajizibia mwenyewe.

Ndiyo maana wenye nazo kule husimamisha katriji mdomo juu, huvuta kidogo na taratibu, na wakimaliza huvuta pumzi moja ya hewa tupu bila kubonyeza ili bomba lipoe likiwa safi. Huweka volti chini, maana moto mkali huunguza mafuta na masalia yaliyoungua hayalegezwi na kwapa lolote. Ziko na aina za mafuta ambazo huota chembe zenyewe, kama asali inavyoota sukari, na hizo huziba hata ukizitunza kama yai.

Pini wanatumia? Wanatumia, lakini pale mdomoni tu, milimita chache, kuondoa donge linaloonekana kwa macho. Wewe ulishuka sentimita mbili. Na nashukuru sana kwamba hukufikia bloa, ile mashine yako ya hewa moto, kwa sababu najua mkono wako ulishaiangalia. Digrii 300 za bloa zingeyeyusha mdomo wa plastiki, zingepasua kioo, na kama betri ilikuwa bado imefungwa hapo chini, sasa hivi ungekuwa unaniandikia kutoka hospitali ya Bombo.

Jirani yako wa pikipiki sasa. Mwambie nimemsalimu, na mafuta yake ya nazi abaki nayo kwenye wali. Hili ndilo lililonifanya nikae na barua yako usiku. Wewe unaona ni kulainisha tu, kama kutia oili kwenye bawaba. Lakini kinachotoka kwenye ile kalamu kinakwenda mapafuni, na mapafu si tumbo. Hayana namna ya kusaga mafuta. Mafuta ya kupikia yakiingia mle kwa mvuke yanakaa, yanavimbisha, madaktari wana jina la nimonia ya namna hiyo.

Mwezi niliotua Denver, Septemba 2019, runinga zilikuwa hazisemi kitu kingine. Vijana wazima wenye nguvu zao walikuwa wakipelekwa hospitali wakihema kama wametoka kuzama. Hadi tarehe 18 Februari 2020 taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa ni 68. Walipochunguza maji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta asetati ya vitamini E kwa 48 kati yao. Ni mafuta ya vitamini, mwanangu. Ukiyameza kwenye kidonge hayana neno, ukijipaka ngozini hayana neno. Watu wa vichochoroni walikuwa wakichanganyia katriji za bangi ili mafuta yaonekane mengi na mazito. Hakuna aliyekusudia kuua mtu. Walitaka mzigo uonekane mzuri tu. Wewe nawe ungetia matone mawili upate kumridhisha mteja.

Kwa hiyo hata kama sheria isingekuwapo, nisingekuruhusu. Chombo kinachovutwa mapafuni hakitiwi mafuta, hakitiwi spiriti, hakitiwi kitu chochote na fundi wa mezani. Ile alkoholi unayosafishia bodi ni nzuri kwenye shaba ya betri, kwa pamba, ukikausha vizuri. Isivuke hapo.

Na hapo kwenye betri ndipo kazi yako halali ilipo, siku ukiletewa betri tupu isiyo na katriji. Taa ikipepesa badala ya kuwaka, mara nyingi ni mguso. Mtu amekaza skrubu kupita kiasi, kile kipini cha katikati kimezama. Unakiinua taratibu kwa ncha ya plastiki, betri ikiwa imezimwa, unafuta, unapima kwa mita. Lakini mteja akisema "taa inawaka ila hewa haipiti", tayari amekwambia kwamba ugonjwa hauko kwenye umeme. Rafiki yako alikwambia maneno hayohayo Jumatatu. Ungemsikiliza ungemrudishia palepale.

Mkeo ana akili, hofu yake ni ya haki, ila chooni hapana. Betri ya lithiamu haitupwi chooni wala haichomwi na taka, na ukishaitupa utabaki na deni la kitu ambacho huwezi hata kumweleza mtu ulikipeleka wapi. Mpigie mwenyewe. Akija, usimfanyie hotuba mbele za watu, ana harusi ya dada yake. Mwambie: nimeichokoa kwa sindano, nimevunja jiwe la ndani, sikujua ni nini na sasa najua, sitaigusa tena, na wewe usiivute, maana vipande vya jiwe vimo bombani. Ukweli huo utakuaibisha dakika mbili. Akikataa kuichukua au akianza kuzungusha, usikae nayo hata usiku mmoja zaidi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako, mweleze, aongozane nawe hadi kituoni mkaikabidhi. Kabla ya hapo, ukiweza kupata dakika kumi za wakili, zipate. Mimi ni fundi redio mstaafu.

Limebaki la kijana wako, na nimelisoma mara mbili. Kulamba kidole si kitu kikubwa. Bangi ya kuliwa huchelewa, mara nyingi nusu saa hadi saa mbili ndipo mtu aione, kwa hiyo kama jana hakulewa hatalewa leo. Safisha tu meza na ile sindano, uitupe mahali ambapo watoto hawafiki. Kilichonikaa kooni ni ile harufu ya "kule nyuma ya uwanja". Mtoto wa miaka 16 aliitambua kabla yako. Hukuniuliza juu yake, umeniuliza juu ya katriji, lakini huyo ndiye utakayekaa naye kibandani mgeni akishapanda ndege. Usimpigie kelele. Mtume chai, mkae, umuulize nyuma ya uwanja anakwenda na nani.

Halafu ile elfu kumi mrudishie mwenyewe yote. Usikate hata ya sindano.